Muziki wa piano kwa mgonjwa wa kifafa: una msaada wa kweli, au tunafarijiana tu?

#1 BintiWaKibosho (Moshi)

Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kike ana kifafa tangu akiwa darasa la tatu, na sasa anatumia kabamazepini asubuhi na jioni kama alivyoandikiwa hospitali. Dawa imempunguzia sana, lakini haijamaliza: ipo miezi inayopita salama, na ipo mingine anaanguka zaidi ya mara moja, hasa alfajiri. Mwalimu mmoja wa muziki ametushauri tumpigie kila usiku kipande cha Mozart kinachoitwa K. 448, akisema kwamba wataalamu wameshathibitisha kuwa kinatuliza ubongo wa mgonjwa wa kifafa. Mama amelipokea kwa mikono miwili, ilhali baba anasema ni hadithi za mitandaoni.

Nauliza kwa wenye ujuzi: je, kuna ushahidi wowote? Kama upo, kwa nini kipande hicho na si kingine, na je, kinaweza kumdhuru? Dawa hatuachi, hilo lisiwatie wasiwasi.

#2 MpigaKinanda_Ngarenaro (Arusha)

Pole kwa kuuguza, dada. Kipande hicho ninakifahamu vizuri kwa sababu tumekipiga mimi na mwenzangu kwa vinanda viwili vya umeme. Ni sonata ya piano mbili katika D kubwa, ambayo Mozart aliitunga Vienna mwaka 1781 ili aipige pamoja na mwanafunzi wake Josepha Auernhammer. Ina sehemu tatu, na inayotumiwa zaidi na watafiti ni ile ya kwanza, yenye mwendo wa haraka na uchangamfu. Piano hizo mbili hupokezana sentensi moja baada ya nyingine, na mara nyingi kile alichokisema mmoja mwenzake hukirudia kwa namna iliyobadilika kidogo.

Kuhusu ushahidi, upo tangu mwaka 1993, pale wataalamu wa California walipowasikilizisha wagonjwa wa kifafa muziki huo wakaona wanapata nafuu. Kwa hiyo mwalimu wenu hajawadanganya.

#3 Mwalimu_Himo

Mkuu namba 2, maelezo yako ya muziki ni mazuri, lakini hapo kwenye mwaka 1993 umechanganya mambo mawili. Utafiti wa Rauscher, Shaw na Ky wa mwaka huo haukuhusu wagonjwa hata mmoja. Walikuwa wanafunzi wa chuo, waliosikiliza kipande hicho kwa dakika 10 kisha wakapewa maswali ya kufikiria maumbo, na nafuu waliyoionyesha katika maswali hayo ilidumu kwa dakika chache tu. Kutokana na hapo, magazeti yakatangaza kwamba Mozart huongeza akili, na watu wakaanza kuwauzia kina mama wajawazito kaseti.

Habari ya kifafa ilianza mwaka 1998 kwa John Hughes wa Chicago. Aliwapima wagonjwa 29 kwa mashine ya EEG, ile inayosoma umeme wa ubongo kupitia waya zinazobandikwa kichwani, na kwa wagonjwa 23 kati yao milipuko midogo ya umeme isiyo ya kawaida ilipungua wakati muziki ukiendelea. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba baadhi yao hawakuwa na fahamu kabisa. Mtu aliyepoteza fahamu hawezi kusemwa kwamba ameufurahia muziki, na hapo ndipo watafiti walipoanza kulichukulia suala hili kwa uzito.

#4 Muuguzi_Sakina (Arusha)

Naomba niongeze jambo kwenye bandiko la Mwalimu, kwa sababu ni rahisi msomaji kuvuka hapo bila kuliona. Milipuko midogo inayoonekana kwenye EEG si sawa na kuanguka. Ubongo wa mgonjwa wa kifafa unaweza kutoa milipuko hiyo mchana kutwa, naye yuko sokoni Kilombero anachagua nyanya na wala hajui kinachoendelea. Kwa hiyo utafiti unaosema milipuko ilipungua kwa dakika nane za muziki haujasema kwamba mgonjwa hakuanguka wiki iliyofuata. Ukikutana na habari yoyote ya muziki na kifafa, uliza kwanza walihesabu kitu gani: mistari kwenye karatasi ya mashine, au mara ambazo mtu alianguka nyumbani kwake.

#5 MzeeWaTarumbeta (Machame)

Mimi nina neno la kushuhudia. Kijana wangu anapiga tarumbeta katika kundi la usharika wetu, na ana kifafa tangu utotoni. Miaka yote ya mazoezi na ibada hajawahi kuanguka akiwa ameshika chombo chake, ingawa ameanguka shambani, njiani na hata mezani wakati wa chakula. Tunapiga tenzi za Kilutheri na nyimbo zetu za Kichaga, na Mozart hayumo katika vitabu vyetu. Ndugu yangu wa Ngarenaro anapenda sana wazee wa Vienna, na simlaumu, lakini kwa nini tusiamini kwamba muziki wowote unaopendwa na mgonjwa una nguvu hiyo hiyo?

#6 MpigaKinanda_Ngarenaro (Arusha)

Mzee wangu, shikamoo. Nawapenda wazee wa Vienna na tarumbeta za Machame pia, kwa hiyo usiniweke upande mmoja. Lakini swali lako limeshajaribiwa. Huko Brno, katika Jamhuri ya Cheki, kundi la Profesa Ivan Rektor lilitangaza mwaka 2021 matokeo ya wagonjwa waliokuwa wamewekewa waya ndani ya ubongo wenyewe wakisubiri upasuaji. Waliposikiliza K. 448, milipuko ilipungua kwa asilimia 32. Waliposikiliza simfoni namba 94 ya Haydn, iliongezeka kwa asilimia 45. Haydn na Mozart waliishi zama moja, walijuana, na msikilizaji wa kawaida anaweza asitofautishe kazi zao. Inaelekea basi si kila muziki mzuri unaofaa.

Nyongeza: mwaka huo huo watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa 16 wenye kifafa sugu. Mozart alipunguza milipuko baada ya sekunde 30 hivi, lakini muziki ambao mgonjwa mwenyewe alisema anaupenda haukupunguza.

#7 MzeeWaTarumbeta (Machame)

Marahaba. Hao wagonjwa 16 walisikiliza wakiwa wamelala kitandani hospitalini. Kijana wangu hasikilizi, anapiga. Anavuta pumzi hadi tumboni, anahesabu mapigo, anamtazama kiongozi, midomo na vidole vyake viko kazini. Nadhani hivyo ni vitu viwili tofauti, na huwezi kukipima cha pili kwa kuniletea majibu ya cha kwanza.

#8 Mfamasia_Kaloleni

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa naona nisiponena nitakuwa sijautendea haki uzi huu. Mwaka 2023 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Vienna, Oberleiter na Pietschnig, walikusanya tafiti zilizopo juu ya Mozart na kifafa wakazipima upya kwa pamoja. Hitimisho lao ni kwamba hakuna ushahidi wa kutegemewa. Walionyesha kwamba tafiti nyingi zina watu wachache mno, kwamba matokeo mengine yameripotiwa nusunusu, na kwamba kazi zilizopata majibu ya kupendeza ndizo zilizopata nafasi ya kuchapishwa. Walioandika hayo wanaishi katika mji ule ule ambamo sonata hiyo ilitungwa, hivyo mtu asidhani wana chuki na Mozart.

Ninalolihofia ni jambo la karibu zaidi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, hapa hapa Kilimanjaro, ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa. Wakati huo huo, Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Dada mleta mada amesema hawaachi dawa, na namshukuru. Lakini uzi huu utasomwa na mtu ambaye kidonge kimemwishia wiki mbili zilizopita na nauli ya kwenda kliniki hana, naye atafarijika kwamba simu yake ina muziki. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, mgonjwa akatetemeka mfululizo bila kurudiwa na fahamu, na watu hufa kwa hali hiyo.

#9 Mwalimu_Himo

Mfamasia ameweka neno zito, nami nakubaliana naye kuhusu dawa kwa asilimia mia moja. Hata hivyo, haifai kutupa kapuni tafiti zote kwa mkupuo. Muuguzi alituagiza tuulize walihesabu nini. Mwaka 2020 kundi la Toronto, Kanada, lilihesabu kuanguka kwenyewe. Wagonjwa 13 walisikiliza sehemu ya kwanza ya K. 448 kila siku kwa muda wa miezi, na katika kipindi kingine wakasikiliza sauti iliyotengenezwa kwa kuvurugavuruga muziki huo huo, ili isiwe na mpangilio wowote. Katika kipindi cha Mozart kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Katika kipindi cha sauti iliyovurugwa hakukupungua hivyo. Watu 13 ni wachache, hilo liko wazi, lakini mpango wa kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe ni wa uangalifu.

Kabla ya hapo, huko Kaohsiung, Taiwan, watoto 11 wenye kifafa sugu walisikiliza kipande hicho kila usiku kabla ya kulala kwa miezi sita, na wengi wao walipungukiwa na mianguko. Kasoro ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha.

#10 NesiMstaafu_Kiboriloni

Kwa heshima zote kwa wasomi wetu, mimi ninayaona majibu hayo ya Taiwan kwa jicho la wodini. Mtoto anaambiwa kila usiku, saa ile ile, aketi asikilize muziki. Ili aketi saa hiyo ni lazima awe amekula, ameoga, televisheni imezimwa na mama yupo karibu. Na mama akishakaa karibu, kidonge cha usiku hakisahauliki. Katika kazi yangu nimeona kwamba sababu kubwa za mgonjwa kuanguka tena ni mbili, dozi iliyorukwa na usingizi uliokatika, na utaratibu huo wa muziki unazirekebisha zote mbili hata kama kilichopigwa ni kengele ya ng'ombe. Sisemi kwamba muziki haufanyi kitu. Ninasema kwamba anayetaka kuusifu Mozart atuambie kwanza amemtenganishaje na kidonge kilichomezwa kwa wakati.

#11 Mwalimu_Himo

Mama, hoja yako ina uzito kwa watoto wa Kaohsiung. Kwa wagonjwa wa Toronto haitoshi, kwa sababu hata walipopewa sauti iliyovurugwa walifuata utaratibu ule ule wa kila siku, na bado tofauti ilionekana.

#12 NesiMstaafu_Kiboriloni

Inawezekana pia kwamba kusikiliza kelele zilizovurugwa kila siku kwa miezi kunamchosha mtu na kumuudhi, na karaha nayo huleta kuanguka. Kulinganisha kitu kizuri na kero si sawa na kukilinganisha na kukaa kimya.

#13 FundiSpika_Majengo (Moshi)

Mnisamehe kwa kuingilia, mimi kazi yangu ni vyombo vya sauti. Kuna jambo la kiufundi ambalo halijaguswa. Unapobonyeza ufunguo mmoja wa piano, husikii sauti moja. Juu ya ile sauti ya msingi kuna sauti nyingine nyembamba zaidi zinazoandamana nayo, na uwiano wa sauti hizo ndio unaokufanya utambue kwamba hii ni piano na ile ni fidla, hata kama zimepiga noti ile ile. Wale wa Kaohsiung walilijaribu hilo: K. 448 iliyopigwa kwa piano ilipunguza milipuko, lakini noti hizo hizo zilipotolewa kwa sauti ya vyombo vya nyuzi, hazikupunguza. Kwa hiyo yawezekana kinachofanya kazi ni umbo la sauti yenyewe linapoingia sikioni, wala si utunzi. Na hapo simu inahusika, maana spika ya simu ya bei nafuu hukata sauti nzito karibu zote. Mtu anaweza kudhani anampigia mgonjwa kile kilichotumika katika utafiti, kumbe anampigia nusu yake.

#14 MpigaKinanda_Ngarenaro (Arusha)

Fundi, hoja hii inanipa furaha, lakini mimi bado naupigania utunzi. Hao wa Dartmouth walipochunguza ni wapi ubongo ulibadilika zaidi, waliona ni kwenye mipaka ya sentensi za muziki, pale wazo moja linapofika mwisho na jingine linaanza, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na hisia. Msikilizaji amejengewa matarajio, kisha Mozart anayatimiza au anayageuza. Mpiga kinanda yeyote anajua hisia hiyo mikononi. Kama ingekuwa umbo la sauti peke yake, basi kupiga noti moja ya piano nusu saa kungetosha.

#15 Muuguzi_Sakina (Arusha)

Nalo hilo linagongana na wale wagonjwa wa Hughes waliopoteza fahamu. Asiye na fahamu anatarajia nini?

#16 MjukuuWaMarangu

Mleta mada aliuliza kuhusu madhara, na naona tumempita. Binamu yangu huanguka akisikia aina fulani ya muziki. Tulidhani ni mambo ya kishirikina, kwa sababu ilikuwa ikitokea harusini, na wazee wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amemtupia kitu. Ilichukua muda mrefu hadi daktari mmoja alipotueleza kwamba kipo kifafa kinachochochewa na muziki. Daktari wa Uingereza Macdonald Critchley alikieleza na kukipa jina mwaka 1937. Ni nadra mno, lakini kipo, na kila mgonjwa ana kichocheo chake: mmoja wimbo fulani, mwingine chombo fulani. Kwa hiyo, dada, siku za mwanzo msimwache peke yake na muziki huo. Kaeni naye, mtazame uso na mikono yake. Akianza kupotea macho au kutafunatafuna, zimeni, na mumweleze daktari.

#17 BintiWaKibosho (Moshi)

Asanteni sana, mmenifungua macho kuliko nilivyotegemea. Tumeshaanza, na bandiko namba 16 nimemsomea mama kwa sauti. Hatujaona dalili mbaya. Tumechukua daftari la mistari na kulipanga hivi: tarehe, saa ya kidonge, saa ya kulala, muziki umepigwa au la, ameanguka au la, na kama yuko katika siku zake. Safu ya kidonge tumeiongeza baada ya kusoma maneno ya Mama wa Kiboriloni. Nitakapokuwa na kurasa za kutosha nitaleta hapa, kwa sasa ni mapema mno kusema chochote.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika mwanzo. Huyu mdogo wangu alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya moja ya vijana, ambayo siitaji. Alianguka siku ya mazoezi, na tangu hapo viongozi wake walimwambia apumzike kwanza hadi apone. Kupumzika huko hakujaisha. Usiku tunapompigia Mozart anasikiliza bila kinyongo, lakini kuna siku aliniuliza kwa nini anaruhusiwa kusikia muziki na haruhusiwi kuimba.

#18 MzeeWaTarumbeta (Machame)

Binti yangu, hilo limenichoma. Sisi kijana wetu alipoanguka mara ya kwanza mbele ya watu, pale nje ya kanisa, nusu ya wapigaji walikimbia na mmoja alileta kijiko ili amtie mdomoni. Mwalimu wa kundi alituita wote wiki iliyofuata, akamleta muuguzi, tukafundishwa. Leo hata yule mdogo wa kupiga ngoma anajua la kufanya. Kama kuna tiba ya muziki ninayoiamini bila kungoja profesa yeyote, ni hiyo ya kijana kukaa katikati ya wenzake bila kuogopwa. Mwambie mdogo wako kuna nafasi huku kwetu, na safari ya kutoka Kibosho si ndefu.

#19 Muuguzi_Sakina (Arusha)

Kwa kuwa Mzee ametaja kijiko, naandika kwa faida ya kwaya zote. Mtu akianguka, ondoeni viti na chochote kigumu kilicho karibu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni, mgeuzeni alale ubavu ili mate yatoke. Msimtie kitu chochote mdomoni, msimkandamize, msimpe maji. Kumgusa hakuambukizi, na mapovu yake hayaambukizi. Tazameni saa: ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, mpelekeni hospitali mara moja.

#20 Mfamasia_Kaloleni

Mzee namba 18, nakuunga mkono kuhusu kijana kukaa na wenzake, ila tusiliite tiba ya kifafa. Linatibu upweke na hofu, ambayo ni mateso makubwa kwa wagonjwa hawa, na linaweza kumfanya mtu amwamini daktari wake na kumeza dawa kwa moyo. Kwamba linazuia milipuko ya umeme ndani ya ubongo, hilo bado.

#21 MzeeWaTarumbeta (Machame)

Na mtu asiye na hofu, anayelala vizuri na kumeza dawa kwa moyo, haanguki mara chache zaidi? Nesi mstaafu amesema hivyo hivyo pale namba 10. Tunaweza kuwa tunasema jambo moja kwa midomo miwili.

#22 NesiMstaafu_Kiboriloni

Mimi sijasema tuache kupima, Mzee. Nimesema kidonge kipimwe kwanza.

#23 FundiSpika_Majengo (Moshi)

Dada wa Kibosho, kabla daftari halijaenda mbali: mnatumia chombo gani? Kama ni simu peke yake, nina spika ndogo ya mbao niliyoitengeneza mwenyewe, njoo uichukue bila malipo mwaendelee nayo. Sauti iwe ya kiasi cha watu wawili kuongea chumbani, na asilale na waya masikioni, kwa sababu akianguka usingizini waya unaweza kumzonga shingoni. Angalieni pia kwamba mlichopakua ni cha piano mbili kweli. Mitandaoni kuna vipande vingi vimeandikwa Mozart ya kutuliza ubongo, na ukivisikiliza ni kinanda cha kompyuta kimewekewa sauti ya mvua.

#24 BintiWaKibosho (Moshi)

Ni simu peke yake, na sasa kwa kuwa umesema, chetu kina mvua. Nitakuja Majengo Jumamosi. Ndugu MpigaKinanda, ile mliyoipiga wewe na mwenzako mlipata kuirekodi?

#25 MpigaKinanda_Ngarenaro (Arusha)

Tuliirekodi sehemu ya kwanza, ila kwa vinanda vya umeme, na kwa hoja ya Fundi ya namba 13 sina hakika kama itahesabika kuwa piano. Fundi, unaonaje?